Uyoga wa Mchana, Pombe ya Jioni

Wifi yangu si mtu wa simu. Akikupigia ujue kuna jambo, na akikupigia asubuhi kabla watu hawajafungua maduka, ujue jambo lenyewe halina subira. Alhamisi ile nilikuwa natafuta funguo za duka nyumbani kwangu Turwa aliponipigia, na hata hakunisalimia.

"Wifi, njoo. Watu waliotulimia jana wameanguka. Wanasema mama amewawekea sumu kwenye pombe."

"Kuna aliyekufa?"

"Bado," akasema. Hilo "bado" lake lilinikalisha kitandani na kiatu kimoja mkononi.

Mimi ni mfamasia. Nina duka la dawa mjini Tarime, nina diploma ukutani, na nina hasira za karibu ambazo hakuna chuo kilichoweza kuziondoa. Sikufungua duka siku hiyo. Nilichukua kipimo cha presha na paketi za maji ya chumvi na sukari, nikapanda bodaboda kwenda Kerende, na njia nzima nilikuwa nagombana kichwani na watu ambao hata sikuwa nimewaona.

Inabidi nieleze kidogo. Mama yangu ni mjane. Anaishi Kerende, kwenye mji, yaani boma, aliouacha baba, pamoja na wifi yangu, mke wa kaka. Kaka mwenyewe yuko Mwanza kikazi. Jumatano mama alikuwa ameita risaga. Kwetu shamba kubwa halipaliliwi na mtu mmoja: unaita majirani, wanakuja na majembe yao, wanalima siku nzima. Mchana unawalisha palepale shambani, jioni wanakuja nyumbani kwako kunywa pombe. Hakuna malipo mengine. Kwa hiyo ukiita risaga na pombe yako ni mbovu, mwaka unaofuata utapalilia peke yako na mgongo wako. Mama hakuwahi kuwa na shida hiyo. Pombe yake ya kimea cha ulezi watu waliifuata hata kutoka Nyangoto, na nadhani katika maisha yake hakuna jambo lililompa heshima kuliko chungu kile.

Sasa chungu kilekile ndicho kilichotaka kumfukuza. Maana kwetu mwanamke akishaitwa mtia sumu, na mume hayupo wa kusimama mbele yake, hakuna kesi ndefu. Anafungasha. Anarudi kwa kaka zake kama bado wapo, na kama hawapo anakwenda mahali asipojulikana. Mama yangu hakuwa na kaka aliye hai.

Nilimkuta amekaa kwenye kigoda katikati ya uwanja, juani, mikono mapajani. Hakuna aliyemfunga, lakini hakuna aliyemruhusu kuingia ndani. Chini ya upenu wa nyumba walilala wanaume kadhaa na wanawake wawili, wengine wamejifunga vitambaa kichwani. Kando ya mlango wa jiko palikuwa na vyungu viwili vya pombe na vijana wawili wenye fimbo, wanavilinda kama vile vingetoroka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekula?" Hivyo ndivyo alivyoniuliza. Dunia inamwangukia, yeye anataka kujua kama nimekunywa chai. Nilitaka kulia, nikaona nikilia pale nitakuwa nimewapa kitu wanachokitafuta.

Baba mdogo alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki kivulini. Ni mdogo wake marehemu baba, na shamba lake limepakana na la mama. Huku kwetu ardhi imekuwa finyu tangu watu waanze kuchimba dhahabu kila mahali, na mpaka wa mashamba yao wawili ulishazungumzwa mara nyingi, kwa sauti ya juu. Sisemi alilitamani shamba lile. Nasema tu kwamba shamba lilikuwepo na yeye alikuwepo.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, binti. Umekuja kuona kazi ya mama yako." Aliwanyooshea mkono wagonjwa. "Jana nilikuja risaga kwa sababu ni mke wa kaka yangu. Nikalima, nikala chakula chake shambani. Lakini pombe yake niliikataa, moyo ulinikataza. Sasa niangalie mimi, halafu waangalie hao. Kikulacho ki nguoni mwako."

Mwenyekiti wa kitongoji, mtu mpole anayependa mambo yapite bila kelele, akanivuta pembeni. Akaniambia wazee wa mila wameshaitwa, watafika alasiri. Wakifika, mama ataapishwa, na baada ya hapo yeye kama mwenyekiti hana la kusema. "Kama una neno la kitaalamu, dada, ngoja ngoja yaumiza matumbo. Liseme kabla hawajafika."

Nilikuwa na kipimo cha presha na hasira tu.

Nikaanza na wagonjwa, maana angalau hao nilijua namna ya kuwashika. Nilimpima mmoja baada ya mwingine na kumuuliza kila mmoja ilikuwaje. Wote walisimulia jambo moja. Waliketi kwenye chungu na mirija yao, wakavuta pombe kidogo tu, hata hawajachangamka. Uso ukawaka moto. Mishipa ya shingo ikasimama. Moyo ukaanza kwenda mbio mpaka mtu anausikia masikioni, kichwa kikagonga, wakatapika, wengine wakaanguka walipojaribu kusimama. Baada ya saa chache ikapungua. Hakuna aliyeharisha, hakuna aliyeona ukungu, hakuna aliyetoka mapovu. Nilikuwa nazipitia sumu ninazozijua, dawa ya kuogeshea ng'ombe, dawa ya panya, spiriti, na kila moja ilikataa kukaa kwenye dalili hizo.

"Wazee wa hapa kijijini walikunywa?" niliuliza.

"Walikunywa," akajibu kijana mmoja akiwa amelala. "Chungu cha kwanza kile. Walikunywa mpaka wakaimba. Hawana kitu."

"Basi sumu iko chungu cha pili," baba mdogo akasema toka kivulini. "Cha walimaji. Alijua nani atakaa wapi."

"Mama naye amekunywa chungu cha pili," nikamwambia, kwa sababu wifi alishaninong'oneza hilo. Asubuhi walimlazimisha. Alikunywa kibuyu kizima mbele ya watu na hakukohoa hata kidogo.

"Ndiyo. Kwa sababu dawa yake anayo." Akanitazama kama mtu aliyeshinda bao. "Aliyeweka sumu ndiye anayejua kuitegua."

Ukishafika hapo, hakuna mlango. Angeugua, ni sumu. Hakuugua, ni sumu pia.

Nikauliza tena, taratibu safari hii. Nani alilima jana na hakuugua? Palikuwa na akina mama wawili Wasabato. Walilima, walikula, wakaenda zao jua lilipoanza kushuka kwa sababu pombe hawagusi. Mmoja alikuwa amesimama pale kwenye ua, mzima wa afya. Baba mdogo mwenyewe alilima, alikula, hakunywa: mzima. Wazee hawakulima wala hawakula shambani, walikuja moja kwa moja kwenye chungu: wazima. Mama alipika na kupakua, na kama mama wote chakula kilimwishia sufuriani kabla hajala: mzima. Walioanguka ni wale waliokula shambani na kunywa nyumbani. Kimoja peke yake hakikumdhuru mtu. Ilihitajika vyote viwili, na kwa mpangilio ule.

Nikaingia jikoni. Wifi yangu alikuwa humo, mtoto mgongoni, anajifanya anachochea moto ambao ulishazimika.

"Jana mlipika nini?"

"Ugali. Na uyoga."

"Uyoga wa kichuguu?"

Akavuta kikapu kutoka nyuma ya kuni, akakifunua kidogo kama mtu anayeonyesha kidonda. Ndani palikuwa na kitu cheusi, chepesi, kimechuruzika mpaka chini ya kikapu kama wino uliomwagika. Vipande vichache vya mashina bado vilionekana vyeupe.

"Huu ulibaki," akanong'ona. "Jana ulikuwa mzuri, wa kijivu, umefungika kama yai. Leo umekuwa hivi. Nimeogopa, wifi. Wakiuona wataniua."

"Nani aliuchuma?"

"Mimi. Pale kwenye visiki vya miti iliyokatwa, mwisho wa shamba. Kwetu tunaula tangu utoto, hakuna aliyewahi kuugua."

Kwao ni upande wa Serengeti, karibu na Mugumu. Ni watu wa kanisa, walokole wa kweli, nyumba ambayo hata togwa likichacha linamwagwa. Nikamwangalia binti yule, nikaelewa kila kitu kwa mara moja, nikapata baridi jikoni mle. Bila shaka hakuna aliyewahi kuugua kwao. Kwao hakuna aliyewahi kunywa.

Chuoni tulikuwa na mwalimu aliyependa sana ini. Alilisimulia kama mtu anavyosimulia kijiji chake. Alituambia pombe ikiingia mwilini, ini lina vimeng'enya viwili vya kuishughulikia. Cha kwanza kinaigeuza kuwa kitu kibaya kuliko pombe yenyewe, kinachochoma uso na kukimbiza moyo. Cha pili kinakipokea kile kibaya harakaharaka na kukigeuza siki isiyo na madhara. Mnywaji wa kawaida hajui kabisa kwamba katikati ya furaha yake kuna sumu inapita. Kisha akatueleza uyoga unaoyeyuka kuwa wino. Ukiliwa, tumboni unakatwakatwa, na kipande kimoja kinachotoka kinafanana mno na kile kibaya ambacho kimeng'enya cha pili kimezoea kukipokea. Kimeng'enya kinadanganyika. Kinakishika kama kawaida yake, na hakiwezi tena kukiachia. Kinakufa kimekumbatia. Itabidi ini litengeneze kingine, na hilo linachukua siku kadhaa. Ndani ya siku hizo, mtu akila anashiba, akifanya kazi anachapa, hana dalili yoyote. Akigusa pombe tu, ile sumu ya katikati inajaa na haina pa kwenda. Kuna hata vidonge vya walevi wanaotaka kuacha, vinafanya karibu hivyohivyo.

"Funika hicho kikapu," nikamwambia wifi. "Usimwonyeshe mtu. Na usiseme neno."

Nilipotoka nje nilijua ukweli, na nilijua kwamba ukweli wenyewe haukuwa na thamani yoyote uwanjani pale. Nikiwaambia habari za ini watasema binti anamtetea mama yake kwa maneno ya shule. Nilihitaji kitu watakachokiona kwa macho. Nilihitaji mtu aliyekula uyoga na hakugusa pombe ya mama, anywe pombe nyingine kabisa, ya kiwandani, iliyofungwa. Akianguka, chungu cha mama kimetoka hatiani.

Nikamwendea yule mama Msabato. Nilimweleza kwa heshima zote. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, mama yako nampenda. Lakini hilo usiniombe." Sikumlaumu. Wifi naye alikula, na macho yake yalikuwa yananiambia atakunywa nikimwambia. Lakini ana mtoto anayenyonya, na nani angemwamini mtu wa nyumba ileile?

Akabaki mmoja. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki kivulini, anajipepea kwa kofia.

Baba mdogo ana presha. Dawa zake anachukua kwangu dukani, kwa hiyo najua anakunywa zipi na najua pia ni siku ngapi anasahau. Uyoga ule ukikutana na pombe unaweza kuiangusha presha ya mtu mpaka chini. Vijana wale wenye mioyo ya ng'ombe dume walianguka. Huyu je? Nilisimama uwanjani nikiwa na mama yangu upande mmoja na mdogo wake baba yangu upande wa pili, na nasema wazi, kwa dakika fulani sikujali sana kama angeamka.

Kisha nikajali. Nikamfuata, nikapiga magoti mbele yake kama inavyotakiwa, nikamwambia yote bila kumficha.

"Baba, mimi nasema pombe haina kosa. Chakula cha mchana na pombe ya jioni ndivyo vimegombana ndani ya watu. Wewe ulikula na hukunywa. Chagua bia ya dukani, yoyote, ifunguliwe mbele ya macho yako. Ukinywa hata kidogo utaugua kama hawa. Lakini una presha, baba. Nakuogopea. Ukikataa sitakulaumu."

Nilidhani nimemwachia njia ya kutokea. Kumbe kwa mwanaume wa kwetu nilikuwa nimeifunga.

"Unanitisha?" Akacheka, meno yote nje. "Bia ya kiwandani initie ugonjwa? Mwenyekiti, tuma mtu senta, madukani, akalete. Na nisipougua?"

"Usipougua," mama akasema toka kwenye kigoda, na ndiyo mara ya kwanza alisema kitu mbele ya watu asubuhi ile, "sitasubiri wazee. Nitaondoka mwenyewe leo hii."

"Mama!"

"Nyamaza. Umesema unajua. Unajua au hujui?"

Nilijua. Lakini kujua darasani na kujua pale ni vitu viwili. Je, kama alikula kidogo? Je, kama sahani yake ilikuwa na ugali mwingi na mchuzi tu? Niliona kikapu kimoja cheusi nyuma ya kuni nikasema nimejua, na sasa mama yangu ameweka mji wake wote juu ya neno langu.

Bia ililetwa na pikipiki. Ilizungushwa watu wauone mfuniko. Baba mdogo aliufungua kwa meno ili hata kifungulio cha nyumba ile kisimguse.

"Funda moja, baba," nikamwambia. "Mawili basi."

Akaniangalia, akaiinua chupa, akanywa mpaka nusu. Nilimnyang'anya, povu likamwagikia nguoni kwangu.

Hakuna kilichotokea. Akajifuta mdomo, akaegemea kiti, akauliza nani ana sigara. Vijana wakaanza kucheka kidogo kidogo. Nilikuwa nimeshika mkono wake, vidole kwenye mshipa, nahesabu, na mshipa ulikuwa unakwenda mwendo wa mtu anayepumzika. Nikamtazama mama. Alikuwa anaangalia nyumba. Alianza na paa, akashuka ukutani, akaja mlangoni, kama anayehesabu vitu vya kubeba.

"Shemeji," baba mdogo akamwita, "kanga zako..."

Hakumaliza. Chini ya vidole vyangu mshipa uliruka. Niliusikia kabla yeye hajajua. Ukaanza kukimbia, kisha ukakimbia zaidi, na macho yake yakawa mekundu, jasho likamtoka kwenye paji la uso kama aliyemwagiwa maji. Akajishika shingo. Akasema kwa Kikurya kwamba anaungua. Akasimama, na hilo ndilo nililoliogopa, maana alipokuwa wima tu magoti yalikunjika na akaja chini na uzito wake wote, mimi chini yake.

Watu walipiga kelele. Nilimgeuza, akatapika. Nilimfunga kipimo mkononi, nikaona namba inashuka, nikahisi na mimi nashuka nayo. "Miguu juu! Nipeni kitu cha kuweka miguu!" Wote walisimama kama miti. Aliyekuja ni mama. Alinyanyuka kwenye kigoda alichokalishwa tangu asubuhi, akakibeba, akakisukuma chini ya visigino vya yule aliyemkalisha, kisha akavua kitambaa chake cha kichwani akaanza kumpepea.

Sijui ilichukua muda gani. Nilimpima, nikampima tena, namwita baba, baba, na sikuwa nikimwita kwa heshima, nilikuwa namwomba. Alipofungua macho na kuomba maji nililia mbele ya watu wote, na sikuona haya.

Tulimnywesha maji ya chumvi na sukari kijiko kwa kijiko. Vijana wa fimbo walikuwa wameondoka kwenye vyungu bila kuambiwa. Mwenyekiti akatoka nje ya ua na simu yake, nikamsikia anawaambia wazee wa mila wasijisumbue.

"Basi nini?" baba mdogo akauliza akiwa bado amelala, miguu kwenye kigoda. Sauti ilikuwa ya mtu mwingine. "Nini hiki?"

Kwa mfugaji unasema lugha ya mfugaji. "Baba, ng'ombe aliyefiwa na ndama hatoi maziwa. Mnafanyaje?"

"Tunajaza ngozi ya ndama majani, tunamwekea mbele. Anairamba."

"Ini lako limewekewa ngozi. Uyoga ule una kitu kinachofanana na kile ini linachokijua, likakishika. Tofauti ni kwamba ng'ombe akishakamuliwa anaondoka, ini haliwezi kuondoka, limegandia hapo. Ndiyo maana pombe ikija haina wa kuipokea. Msinywe mpaka wiki ipite, yoyote, ya mtu yeyote. Mtapona."

Alifumba macho. Niliona ameelewa, maana alitikisa kichwa kwa uchungu wa mtu aliyedanganywa na yeye si mjinga. Walio upenuni nao walisikia. Mmoja akasema, "Uyoga!" na mwingine akarudia, na lile neno likaanza kutembea uwanjani kutoka mdomo hadi mdomo. Nikaona kitu ambacho kwa akili zangu zote sikuwa nimekifikiria. Nilidhani nimekuja kuwaondolea watu mawazo ya sumu. Nilikuwa nimeyahamisha tu, kutoka chungu hadi sufuria. Vichwa viligeuka taratibu, vikaanza kutafuta mlango wa jiko.

"Nani alichuma ule uyoga?" baba mdogo akauliza.

Wifi yangu alikuwa amesimama mlangoni. Alifungua mdomo. Binti wa watu wengine, mume hayupo, kikapu cheusi nyuma ya kuni. Mama akikosea, kosa ni la uzee. Wifi akikosea, kosa ni la ukoo wake wote, na ng'ombe wa mahari watadaiwa warudi, na mtoto atabaki upande mmoja na mama upande mwingine. Kila mtu pale alijua hivyo.

"Ni mimi," mama akasema.

Hakuinua hata sauti. Alikuwa bado anapepea. "Nilipita kwenye visiki alfajiri, nikauona. Nikachuma mimi, nikapika mimi, nikawapakulia mimi. Nilidhani ni ule wa kila siku. Macho yangu si ya zamani."

Baba mdogo alimtazama. Si mjinga, nimesema. Mwanamke aliyezaliwa kijiji hiki, aliyechuma uyoga miaka yote hiyo, aliyemwonyesha yeye mwenyewe vichuguu alipokuwa kijana asiye na ndevu, ndiye aukosee? Akanigeukia mimi.

"Binti. Tangu asubuhi umeuliza watu maswali. Nani alikula, nani alikunywa, nani alikaa wapi. Wewe ndiye unayejua. Ni kweli alichuma yeye?"

Nilikuwa na damu ya goti kwenye sketi na bia kifuani. Siku nzima nilikuwa nimepigania kitu kimoja, jambo lisemwe kama lilivyo, na karibu nimuue mtu kwa ajili hiyo. Sasa wote walikuwa tayari kuniamini. Ningesema lolote wangelichukua.

"Ni kweli, baba," nikasema. "Alichuma yeye."

Akashusha pumzi. "Basi ni bahati mbaya. Shemeji, hujaua mtu. Utatoa mbuzi, tutasafisha mji. Kaa kwako. Lakini pombe ya risaga usipike tena. Mimi nimeelewa, lakini watu hawatakunywa."

"Sawa," mama akasema.

Walipoanza kuondoka mmoja mmoja, wengine wameshikana mabega, mama alikwenda kwenye chungu cha pili. Nilimfuata nimsaidie, akanizuia kwa kiwiko. Alikiinamisha mwenyewe hadi kikatoa pombe yote kwenye migomba, pombe njema, imeiva vizuri, haina kosa lolote, na harufu yake ikajaa uwanja mzima. Kisha akakamata na cha kwanza.